Bobi Anapoitikia Amina

Mimi ni mwalimu wa saikolojia hapa Bukavu, na naomba wanafunzi wangu wasikisome kisa hiki. Ninawafundisha kwamba mnyama hurudia tendo linalomletea faida. Basi nikataka kulijaribu kwa mbwa wetu Bobi, aliyezoea kutusumbua tukiombea chakula. Akikaa kimya mpaka "Amina," nilimrushia kipande cha nyama mdomoni. Akibweka, hakupata kitu.

Alishika haraka. Akisikia "Amina" tu, popote alipokuwa, alikuja mbio, akaketi na kufungua kinywa. Nilijisifu mpaka kazini. Mke wangu akanionya: "Papa Grâce, siku tutakuwa na wageni, hii imbwa itatuletea haya." Nilicheka.

Jumapili iliyopita padiri alimletea mama mkwe komunyo nyumbani kwetu, kwa sababu mguu unamuuma na haendi tena kanisani. Majirani walijaa sebuleni. Padiri akainua hostia: "Mwili wa Kristo."

"Amina," mama mkwe akajibu, macho ameyafumba.

Bobi akapenya katikati ya magoti ya watu, akaketi kando yake, ulimi nje, akimtazama padiri.

Sala ilikatika. Padiri akauliza polepole: "Nani alimufundisha huyu katekismu?"

Nikaangalia dari kana kwamba na mimi ni mgeni. Lakini Bobi, alipoona nyama inachelewa, alimwacha padiri, akaja kuketi mbele yangu na kunifungulia kinywa.