Mkono wa Mama na Mkate wa Wasafiri

Ni lazima nieleze kwanza jinsi mambo yalivyokuwa kabla hayajaharibika, kwa maana wengi walionisikia nikilalamika juu ya habari hii wamedhani kwamba nawachukia wanyama. Siwachukii. Niliowachukia, ikiwa neno hilo halizidi kipimo, ni watu wenye moyo mwema wasiokaa mahali zaidi ya robo saa.

Shamba la mama yangu lilikuwa Makambako, chini kidogo ya njia panda, pale ambapo barabara itokayo Iringa hugawanyika, moja ikielekea Mbeya na nyingine ikipanda kuja Njombe na kuendelea hadi Songea. Upande wa juu lilipakana na barabara, upande wa chini na korongo lenye kijito na mikuyu mikubwa. Katika mikuyu ile waliishi tumbili. Nasema tumbili, wale wa kijivu wenye uso mweusi, wala si nyani. Wasafiri waliwaita nyani wote pamoja, na kosa hilo ni dogo kuliko mengine waliyoyatenda.

Baba alipofariki, jumbe, kiongozi wa eneo letu, alimwachia mama shamba lile kwa sharti lililojulikana na kila mtu mtaani kwetu: shamba lisilotoa mavuno misimu miwili mfululizo hurudi kwa jumbe, naye humpa mwingine mwenye nguvu ya kulitunza. Mama hakuwa na shamba jingine. Kama lile lingemtoka, ingembidi arudi Mdandu kwa kaka yake, katika ua ule ule alimoondokea akiwa bibi harusi na kwaya ya kanisa ikimwimbia. Aliniambia mara nyingi, bila kuinua sauti, "Mwanangu, sirudi Mdandu na mvi hizi kama mke aliyefukuzwa."

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu katika shule ya kati ya Njombe, na kila mwisho wa mwezi nilishuka Makambako kwa lori kumtazama.

Sasa nieleze jinsi alivyoamia, yaani alivyolinda mahindi yasiliwe na wanyama. Mahindi yalipoanza kutoa maziwa, mama alikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tangu ukungu ulipopungua hadi jua lilipokaribia kuzama. Alikuwa na kombeo, naye alilitumia kwa ustadi ambao sijauona kwa mwanamume yeyote. Lakini hakulitumia kila siku. Desturi yake ilikuwa jiwe moja kwa mwaka. Siku ya kwanza tumbili walipotoka korongoni, alimchagua dume wao mkubwa, akainua mkono wa kuume juu ya kichwa, akautuliza hapo kwa muda wa pumzi mbili, ndipo akavurumisha. Hakukusudia kuua, na hakuwahi kuua. Tangu siku hiyo hadi mavuno, mkono peke yake ulitosha. Aliuinua, wao wakarudi mikuyuni. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye shamba lake lilikuwa ng'ambo ya korongo, alimtania, "Wifi, wewe unawabariki kama mchungaji. Ungewaambia na amina." Mama alimjibu kwamba waumini wale walikuwa wasikivu kuliko yeye.

Mpango ule ulidumu miaka mingi. Kila upande ulijua mpaka wake: tumbili walikula kuyu zao na matunda ya mwitu, sisi tulikula mahindi yetu, na walichoiba pembeni mwa korongo mama alikihesabu kuwa kodi ya jirani.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, magari yaliongezeka barabarani. Walipita Wazungu waliosafiri kati ya Kenya na Rhodesia wakiwa na mahema, masanduku na watoto wao. Yalipita mabasi yenye vibarua waliokwenda mashamba ya mkonge au waliorudi kutoka migodini. Neno "mtalii" halikuwa bado vinywani mwetu, tulisema "wasafiri" tu. Karibu na shamba la mama palikuwa na kivuli kizuri kando ya barabara, na hapo magari yalisimama ili injini zipoe. Watu walikula. Tumbili walitazama kutoka kwenye matawi. Siku moja, simjui ni nani na sitamjua, mtu alikata kipande cha mkate, akainua mkono, akakirusha.

Msimu huo, nilipofika mwishoni mwa mwezi, mama alinipokea na neno ambalo nililipuuza. "Tumbili wameacha kuogopa mkono," alisema. "Nikiuinua, wanakuja."

Nilimwambia labda walikuwa wageni kutoka korongo jingine. Nilikuwa nimesoma, nami nilipenda sababu zenye mpangilio. Mama hakubishana. Alipanda dunguni, akainua mkono wa kuume juu ya kichwa, akautuliza kwa pumzi mbili kama alivyofanya siku zote. Tumbili saba au wanane waliinuka kutoka kwenye majani, wakaja mbio hadi chini ya dungu, wakaketi, wakamtazama kiganja. Alivurumisha jiwe. Halikumpata yeyote, kwa sababu walikuwa karibu mno. Dume mkubwa alilikimbilia lilipoanguka, akaliokota, akalinusa, akalitupa kwa dharau.

"Umeona?" mama aliuliza. "Ananirudishia."

Nilikwenda barabarani, nikakaa kivulini mchana mzima, nikaangalia. Jibu lilikuwa pale, bila haja ya kitabu. Kila aliyerusha mkate aliinua mkono juu ya kichwa, kisha, kwa kuwa alitaka wenzake waone au alitaka kupigwa picha, aliutuliza kidogo kabla ya kuachia. Ilikuwa ishara ya mama, harakati kwa harakati. Lugha ambayo mama aliwafundisha kwa miaka mingi, wasafiri walikuwa wameigeuza maana kwa miezi minne, nao hawakujua kwamba ilikuwa lugha.

Mavuno ya mwaka ule yalijaza kikapu kimoja na nusu. Jumbe alikuja, akatazama, akasema kwa upole, "Mama, haya siwezi kuyaita mavuno." Msimu wa kwanza ukawa umehesabiwa.

Hapo ndipo nilipotenda kosa langu, kosa ambalo ni mwalimu pekee angeweza kulitenda. Niliona kwamba dawa ya ujinga ni maandishi. Nilitafuta ubao mzuri, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi nyeusi, kwa mkono niliousifia mwenyewe: WASAFIRI WANAOMBWA WASIWAPE CHAKULA TUMBILI WALIOMO KATIKA KORONGO HILI. Chini yake niliweka maneno yale yale kwa Kiingereza. Nilifikiri kwa siku mbili kama niandike "waliopo" au "waliomo", nikachagua "waliomo" kwa kuwa korongo lina ndani. Kisha nikausimamisha mahali ambapo dereva angeuona kutoka mbali.

Magari ambayo zamani yalipita bila kusimama yalianza kusimama. Watu waliusoma ubao, wakashuka, wakauliza, "Wako wapi?" Shangazi alikuja kuutazama, mikono kiunoni. Hakujua kusoma, lakini aliona msururu wa magari.

"Hili ni tangazo la duka, mwanangu," alisema. "Umewafungulia duka. Hata bomani hawana ubao mzuri hivi."

Nilisimama pale siku za mapumziko yangu, nimevaa tai, nikiwazuia watu mmoja mmoja. Abiria wa mabasi walinicheka. "Mwalimu, hata tumbili ni kiumbe wa Mungu!" alisema mmoja akimega muhogo. Utingo akadakia kutoka juu ya mizigo, "Mwacheni, ana wivu. Mpeni na yeye kipande!" Nilimweleza yule wa kwanza habari ya mama na ya jumbe. Alinisikiliza kwa huruma ya kweli, akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, mwalimu," na huku anasema akamrushia tumbili kipande kilichobaki.

Wazungu hawakuwa wagumu zaidi wala wepesi zaidi. Mama mmoja mwenye kofia pana alikuwa ameketi kwenye mlango wa gari na ndizi mapajani. Nilimwambia kwa Kiingereza, kwa adabu niliyofunzwa, kwamba wanyama wale walikuwa wakiharibu shamba la mjane. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha Kenya.

"Nyani hii mzuri sana. Iko na njaa."

"Hana njaa, memsahibu. Korongo limejaa kuyu."

"Wewe nafanya kazi gani hapa?"

"Mimi ni mwalimu."

"Basi, mwalimu, fundisha yeye kusema asante!" Wenzake wote walicheka, naye akainua ndizi juu ya kichwa, akaituliza ili mumewe aandae kamera.

Nimelifikiria sana neno "kulisha". Kwetu ni neno la mfugaji. Anayelisha ng'ombe ndiye anayemfungia zizi, ndiye anayeulizwa ng'ombe akila mahindi ya jirani, na ndiye anayekesha naye akiugua. Wale walilisha kutoka dirishani na kuondoka. Na tumbili wenyewe hawakupata faida. Waliacha kuyu zikaoza chini ya miti. Walijifunza kukaa barabarani, na magari yaliyokuwa na haraka yaliwaponda. Nilimwona jike akimbeba kwa siku tatu mtoto wake aliyekufa, na abiria wa basi lililofuata walimtupia mkate kwa sababu alionekana mnyonge.

Msimu wa pili mama aliuanza kwa akili mpya. Kwa kuwa mkono ulikuwa umeharibiwa maana, aliuacha. Alishika debe tupu na fimbo, akagonga, na mikono yake aliiweka chini siku nzima, hata akikuna kichwa aliinama kwanza. Ilimchosha, kwani mazoea ya miaka thelathini hayavuliwi kama kanga. Lakini debe liliwashtua, kwa sababu hakuna msafiri aliyekuwa amewapa chakula kwa kugonga debe. Mahindi yalisimama. Jumbe alipita akasema, "Mwaka huu naona nitakunywa togwa kwako." Mama alicheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa mwaka mzima. Zilibaki wiki kama tatu yakauke.

Jumamosi moja nilifika kabla ya saa sita mchana. Mama alikuwa ameshuka dunguni, anatembea kwenye ukingo wa shamba akinijia, debe kwapani. Ng'ambo ya korongo shangazi alitokea na kikapu cha maboga, akamwamkia kwa sauti yake kubwa.

"Kamwene, wifi! Mwanao amekuja na sukari, au amekuja na ubao mwingine?"

Mama alicheka, akageuka, akainua mkono wa kuume juu ya kichwa kumpungia.

Dume mkubwa alikuwa nyuma yake, kwenye kisiki, na sote wawili hatukuwa tumemwona. Aliruka begani, akaushika mkono, akakifunua kiganja kwa vidole vyake, akakikuta kitupu. Akauma. Aliuma kati ya kidole gumba na cha shahada, akashikilia, na nilipofika kwa mawe na makelele alikuwa ameuma mara ya pili. Mama hakulia. Alikaa chini akiushika mkono kwa leso, akasema, "Nimesahau. Nimeamkia tu, nikasahau."

Nilimpeleka Njombe kwa lori la kwanza lililokubali kutuchukua. Kwenye zahanati ya misheni walimsafisha jeraha, lakini siku ya tatu mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko, na alilala huko zaidi ya mwezi mmoja. Shangazi aligonga debe asubuhi, kisha alilazimika kurudi kwenye shamba lake, maana tumbili walikuwa wamemzoea na yeye, wakaanza kuingia hata kwake. Mimi niliomba ruhusa shuleni, nikapewa siku nne. Siku ya tano hapakuwa na mtu dunguni.

Malalamiko yalifika bomani, nami niliyaandika kwa uangalifu ule ule nilioutumia kwenye ubao. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, alikuja na bunduki baada ya mahindi kwisha kuliwa. Aliua tumbili kumi na mmoja kwa mchana mmoja. Hakuhitaji kuwanyemelea. Alipoinua mkono kumwonyesha msaidizi wake mahali pa kusimama, walimjia wenyewe. Gari lililokuwa limeegeshwa kivulini liliondoka kwa hasira, na mwanamke aliyekuwa ndani alitupigia kelele kwamba tulikuwa wakatili.

Jumbe alihesabu msimu wa pili kama alivyohesabu wa kwanza. Shamba alipewa mtu mwingine, akapanda miti ya miwati, ambayo tumbili hawaili. Vidole viwili vya mama havikukunjika tena, na hakuweza kushika jembe. Nilimpeleka Mdandu kwa kaka yake kabla ya mvua kuanza. Ubao niliung'oa mwenyewe. Tumbili waliobaki waliendelea kukaa kando ya barabara, na wasafiri waliendelea kuwarushia mkate.