Springi za Abiria Wasiokuwepo

Mwanaharusi anajua jinsi wanaume wanavyochagua pikipiki, na kila akikumbuka hutamani kutema mate. Mwanamume huizunguka mara mbili. Hulipiga teke gurudumu, sijui analitarajia lijibu nini. Kisha huiwasha, huvuta resi mpaka majirani wafunge madirisha, halafu hukunja uso na kusema, "Hiki chuma." Amemaliza. Hajaikalia hata dakika tano akausikiliza mgongo wake, wala viganja vyake, wala magoti yake. Atanunua, ataumia, na kila akiumia ataisifu zaidi.

Kijiwe cha wanaume wa namna hiyo kipo Malvern, Johannesburg, kwenye gereji ya fundi Twalib, hatua chache tu kutoka Jules Street. Wote ni Watanzania, wote waliwahi kuendesha bodaboda huko nyumbani, na wote wanaamini kwamba mtu aliyewahi kupakia abiria watatu kwa mpigo Mbagala hana tena la kujifunza duniani. Sasa wanabeba piza na dawa za kikohozi kwenye maboksi, kila mmoja na boksi lake mgongoni mwa pikipiki, lakini ukiwasikiliza wanavyozungumza utadhani ni marubani wa vita. Anayeongoza kwa mdomo ni Mselem, ambaye kwa bahati mbaya ni mume wa Mwanaharusi na baba wa binti yao, Samira.

Mwanaharusi mwenyewe ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Ana miaka arobaini na minne, mfupi, mwepesi wa miguu, na hana subira na upuuzi. Alipofika Johannesburg miaka kumi na minne iliyopita alianza kwa kupanga nguo za mitumba kwenye kibaraza Hillbrow, akafukuzwa na mvua na askari wa jiji, akahamia kwenye kupika. Kwenye kupika hakufukuzwa na mtu. Kila siku ya kazi huamka, hupika wali, kuku wa nazi, fufu na sombe, yaani kisamvu cha Kikongo, hupakia kwenye mahotpoti na kupeleka Newtown, kwenye ukumbi wa mafundi cherehani ishirini na wawili. Msimamizi wao ni Hélène, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye hajawahi kupandisha sauti na hajawahi kurudia neno.

Tatizo lilikuwa safari. Mwanaharusi alikwenda kwa teksi za abiria, mahotpoti mapajani, akibadilisha gari mjini katikati, na chakula kilifika muda wowote kilipojisikia kufika. Mwanzoni mwa mwezi ule Hélène alimwita pembeni.

"Mama Samira, chakula yako iko muzuri sana, lakini inafika baridi. Batu yangu banapumzika dakika makumi tatu tu, kuanzia saa sita na nusu. Nakupatia mpaka vendredi ya mwisho wa mwezi. Ikibakia hivi, nitatafuta mupishi mwingine."

Hakukuwa na mteja mwingine wa maana. Ile Ijumaa ya mwisho ikimpita, sahani ishirini na mbili zimeondoka, na yeye anarudi kibarazani Hillbrow. Ndipo alipoamua kununua pikipiki. Leseni ya kujifunzia alikuwa nayo tayari, maana alikwenda shule ya udereva kimya kimya, akafundishwa kwa pikipiki ndogo, na miguu yake ilikuwa ikikanyaga chini vizuri hata asiliwazie jambo hilo. Kosa lake moja, ambalo hajajisamehe mpaka leo, ni kumwambia mumewe.

Mselem alilipeleka suala kijiweni. Wakakaa kikao. Wakaenda kuangalia pikipiki kwa muuzaji mmoja, watu wanne, na mnunuzi wakamwacha nyuma amesimama na mkoba wake. Wakaipata moja nyekundu, ndefu, tangi limetuna. Mselem akaizunguka. Akalipiga teke gurudumu.

"Ngoja nipande kwanza," alisema Mwanaharusi.

"Utapanda ukishakuwa nayo, shemeji," Twalib alimjibu, na wenzake wakacheka sana, hasa mmoja wao, Suhaib, ambaye hucheka kabla hajaelewa.

Hawakuishia hapo. Ilipofika gereji, Twalib aliongeza springi ya pili ndani ya kila shokapu ya nyuma, na chini yake akachomelea kipande cha chuma ili mkia wa pikipiki unyanyuke. Ndivyo wanavyofanyia pikipiki zao wote pale. Mselem alirudi nyumbani kifua mbele. "Hiyo kazi imefanywa kama Mbagala, Mama Samira. Hailali hata ukiipakia kitu gani."

Kweli haikulala. Ilibaki imesimama kama mbuzi dume aliyekasirika, na Mwanaharusi juu yake alikuwa akigusa lami kwa ncha za vidole. Wiki mbili aliendesha hivyo. Ikienda, ilikwenda. Lakini kila robot, yaani taa ya barabarani, ya Jules Street ilipowaka nyekundu, kusimama kulimtaka ateleze upande mmoja wa kiti na kuning'inia kwa mguu mmoja, huku uzito wote wa mahotpoti ukimvuta upande mwingine. Kila shimo barabarani lilimtupa juu yeye na mchuzi pamoja. Akifika Newtown chakula ni cha moto, sawa, ila wali umelowa na sombe imepanda kwenye kifuniko. Hélène aliangalia, akakirudisha kifuniko.

Jumanne ya wiki ya mwisho akaanguka. Taa ilibadilika ghafla, akashika breki, akanyoosha mguu kutafuta ardhi na ardhi haikuwepo. Pikipiki ikalala, naye akalala nayo, na kuku wa nazi akatambaa barabarani mpaka kwenye mfereji. Dereva wa teksi alichungulia dirishani akapiga kelele, "Eish, mama! Sharp?" Alikuwa mzima, goti tu limechubuka. Mafundi cherehani siku hiyo walikula mikate ya kununua.

Kijiwe kilitoa hukumu kabla hajafika nyumbani. Ameanguka kwa sababu ana woga. Ameanguka kwa sababu ya baibui. Suhaib alisema wanawake wana matatizo ya mizani masikioni, jambo alilolisikia mahali. Jioni Mselem aliingia na mfuko wa plastiki, akautua mezani kwa madaha. Ndani mlikuwa na viatu vya soli nene, nene kweli kweli, vya wasichana wa kwenda disko.

"Vaa hivi," alisema. "Utafika chini."

Mwanaharusi aliviangalia viatu, akamwangalia mumewe. Aliona haya kwa niaba yake. Mtu mzima, baba wa binti anayekaribia kumaliza shule, anaona ni rahisi zaidi kumrefusha mke kuliko kukubali kwamba kiti kiko juu. "Baba Samira," alisema taratibu, "hivyo kavae wewe."

Mselem alikasirika. Kesho yake akaomba ruhusa kazini kwake, akatangaza kwamba atapeleka chakula mwenyewe, kwa pikipiki ile ile nyekundu, ili mke wake ajionee kwamba ubovu si wa chuma. Alifunga boksi kwa mikanda, akavaa helmeti, akaondoka kwa kelele. Mwanaharusi alikaa jikoni na simu mkononi. Saa saba kasoro Hélène alipiga.

"Mama Samira, nani uyu umetutumia? Mahotpoti mbili zimefunguka. Muchuzi iko mu boksi. Na yeye anasema ni sisi hatujue kufungua. Vendredi ni ya mwisho, mama. Unajua."

Mselem aliporudi alikuwa ameshapanga sura yake. "Wamekula, wamefurahi," alisema akiwa bado juu ya pikipiki. "Yule mama wa Kikongo amenisifu." Uongo ule, na namna alivyoutoa macho makavu, ungetosha kumkasirisha siku nyingine. Lakini siku hiyo Mwanaharusi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama anavyoshuka. Mselem aliisogeza pikipiki ukutani, akaushika ukuta kwa mkono, akateleza upande mmoja wa kiti, akanyoosha mguu, na kuitafuta sakafu ya uani kwa ncha za vidole. Alipoipata, alisimama ameinama kwa muda, mkono kiunoni, akijifanya anaangalia mnyororo.

Miaka yote ile, Mwanaharusi alidhani mumewe ni mrefu. Mselem amemzidi vidole vitatu tu. Ni kelele ndizo zilizomrefusha. Naye Mselem, kwenye pikipiki yake mwenyewe, alikuwa akiendesha kwa ncha za vidole toka siku ya kwanza. Miaka kumi na moja ya vidonge vya mgongo, ya kulala ubavu, ya kulaumu baridi ya Joburg na godoro na mapishi yenye chumvi, na kumbe ni kiti.

Mselem alipoingia ndani kujilaza, Mwanaharusi alibaki uani. Hapo ndipo alipotokea Octave, jirani wa chumba cha nyuma, Mkongo wa Lubumbashi anayefanya kazi ya ulinzi Hillbrow. Octave ana skuta ya kijivu, fupi, yenye kioo kikubwa mbele na kiti kipana, na miezi ya baridi hujifunika blanketi magotini huku akiendesha. Kijiweni wanamwita Bibi. Lakini Bibi hutoka na kurudi kazini akipiga mluzi, wakati wao hushuka kwenye vyuma vyao wakiguna. Mwanaharusi hakuwa amewahi kuyapima mambo hayo mawili pamoja.

Octave aliizunguka pikipiki nyekundu mara moja tu, akaikalia, akashuka.

"Mama Samira, iyi nyuma yote ya juu ni ya nini? Weye unabebaka batu?"

"Sibebi mtu, Papa Octave. Nabeba mahotpoti."

"Sasa hizi masprings zinangojea nani?"

Mwanaharusi aliinama kuzitazama. Zilikuwa zikingoja abiria watatu wa Mbagala. Zilikuwa zikimngoja mama mwenye mtoto mgongoni na mwenye gunia la mkaa, na kijana wa tatu aliyedandia mkiani, watu ambao hawajawahi kukanyaga Afrika Kusini na wala hawana mpango. Wanaume wazima walikuwa wamebeba viti vya watu hao kwa miaka, chini ya piza moja moja, wakivunjwa migongo na wasafiri ambao hawapo. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza.

Alivaa baibui lake, akaipeleka pikipiki gereji kabla fundi hajafunga.

"Shem Twalib, springi hizi ulizoongeza ni za kazi gani?"

"Za kubebea, shemeji. Mshikaki, watu watatu nyuma."

"Mshikaki gani? Nani alishapanda nyuma yangu?"

Twalib alikuna kichwa kwa bisibisi. "Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Basi zitoe."

"Shemeji, ukizitoa italegea. Itakuwa kama ya kike."

"Na mimi ni nani?"

Suhaib alicheka, halafu akaona hakuna mwenzake anayecheka. Twalib alijaribu njia ya mwisho: akasema atamsubiri Mselem atoe kauli. Mwanaharusi akatoa kadi ya pikipiki kwenye mkoba, akamsogezea karibu na macho. Jina lilikuwa lake peke yake. Fundi akachukua spana.

Ilimchukua chini ya saa moja. Springi zikatoka, vyuma vikakatwa, mkia ukashuka. Mwanaharusi hakuondoka. Alikaa kwenye kiti, akashuka, akakaa tena. Akaamuru usukani uzungushwe umjie karibu ili viwiko visinyooke. Akataka mkono wa breki usogezwe kwa sababu vidole vyake ni vifupi na hana wengine. Akaagiza kiti kipunguzwe sponji kidogo katikati. Twalib alifanya yote hayo amenuna. Mwisho Mwanaharusi alipokaa, nyayo zake zote mbili zililala sakafuni, visigino na vyote. Machozi yalimlenga, na hayakuwa ya furaha. Yalikuwa ya hasira tupu. Wiki mbili za hofu na goti lililochubuka, kwa kazi ya chini ya saa moja.

Alhamisi alipeleka chakula na hakikumwagika. Ijumaa aliingia Newtown saa sita na dakika ishirini, amesimama kwenye kila robot bila kuning'inia popote. Hélène alifunua hotpoti ya kwanza mwenyewe. Mvuke ukapanda. Wali ulikuwa mahali pake na mchuzi mahali pake.

"Lundi ulete tena," alisema Hélène, akaita watu wake waje kula, na Mwanaharusi akajua Jumatatu bado ni yake.

Jumapili asubuhi Mselem alimfuata jikoni. Alikuwa amelala vibaya na alitembea amepinda. Alisimama mlangoni, akaomba maji, akanywa, akauliza kama Samira ameamka. Kisha akashusha sauti, yeye ambaye sauti yake husikika mpaka Jules Street.

"Mama Samira. Umwambie Twalib anitolee na zangu. Lakini umwambie ni wewe uliyetaka. Na iwe siku ambayo kijiwe hakipo."

Mwanaharusi alikuwa akimenya vitunguu. Hakuacha kumenya.

"Gereji iko wazi kesho saa nne. Suhaib atakuwepo, na wote watakuwepo. Nenda ukamwambie mwenyewe kwamba miguu yako haifiki chini."

Mselem aliirudisha bilauri mezani. Kisha akatoka.

Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Hajakwenda. Kila asubuhi anaisogeza pikipiki yake ukutani, anaushika ukuta, anapanda, na kijiweni bado anawafundisha vijana jinsi ya kuchagua chuma. Mwanzoni Mwanaharusi alikuwa akimwonea huruma. Ilidumu kama wiki mbili.