Chungu cha Mke wa Mwenzangu

Katika kambi ya wapagazi wa Mjerumani, kule ufukweni mwa ziwa, pombe ilikuwa marufuku. Mimi niliitii amri ile na kujisifu, kumbe sikuwa na wa kuniletea. Mwenzangu mmoja, rika langu, mkewe alimletea kimea cha ulezi kilichochacha ndani ya chungu cha Ikombe, kijiji cha wafinyanzi. Askari waliona chakula tu. Jamaa akamimina maji moto, kimea kikawa pombe, akachomeka mrija wa tete, akafyonza huku mkewe akimchekea. Kisha akaninyooshea mrija, maana kwetu mtu hanywi mbele ya rika lake bila kumpa. Nikaukataa, nikaenda kumchongea kwa askari.

Alichapwa viboko mbele yetu sote. Mkewe akaja na chungu kilekile, kina maji ya vuguvugu, akamwosha mgongo polepole. Hata mgongo ule uliochanika niliuonea wivu.