Kaporali na Mlango wa Pipa

Wiki iliyopita nilishuka mpaka mtaa wa Bwiza kutafuta dawa ambayo huku kwetu Mutanga Nord ilikuwa imekwisha, nikapita mbele ya baa moja yenye televisheni iliyotundikwa juu ya friji. Walikuwa wakionyesha sherehe. Askari kijana alisimama wima juani, mkubwa wake akambandika nishani kifuani, na mtangazaji akaeleza jinsi kijana huyo alivyorudi kuwachukua wenzake huku risasi zikipita. Baa nzima ikapiga makofi kana kwamba yule kijana angeweza kuyasikia. Mwenye baa, mtu mnene aliyeweka taulo begani, aliniona nimesimama mlangoni.

"Mama, ingia umuone mutoto wetu," akasema. "Ama we hupendi watu hodari?"

Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Nikamjibu kwamba nina haraka, nikaondoka. Sikuwa na haraka yoyote. Niliona aibu, na aibu yenyewe ni ya tangu utotoni, imekaa ndani yangu muda mrefu hata nikaizoea. Ngoja nikueleze ilikotoka. Nitaipanga kwa mfuatano wake, maana ukiichukua kwa vipande hutaielewa.

Nilikulia kwa Bibi, palepale Bwiza, kwenye uwanja wenye nyumba za vyumba vilivyoshikana na bomba moja la maji. Mama yangu alikuwa akifanya biashara ya vitenge ng'ambo ya mpaka, Uvira, na alikuja na kurudi. Bibi aliishi kwa kupika impeke, pombe yetu ya mtama. Kama hukuwahi kuishi na mpika pombe, hujui jinsi nyumba inavyonuka kwa zamu: kwanza mtama uliolowekwa, wenye harufu ya mvua, kisha mtama uliochipua, mtamu kidogo, kisha unga unaochemka, mwishoni uchachu wenyewe, unaoingia hadi kwenye shuka. Kazi yangu ilikuwa mirija. Niliikata, nikaizibua kwa unyoya wa kuku, nikaichemsha, nikaianika juani juu ya bati. Watu walikunywa kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na Bibi alisema kwamba mrija mchafu unaharibu urafiki kabla ya kuharibu tumbo. Jioni tulikula ugali wa muhogo na ndagala wa kukaanga, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, na redio ya kinyozi wa jirani ilituimbia bila sisi kuilipia betri.

Kwetu pombe haifunguliwi kimya. Lazima mtu asimame aseme neno: nani ameileta, ni kwa ajili gani, nani anashukuriwa. Na anayepewa lazima ajibu. Mtu asiyejua kusema neno alionekana kama mtu asiyevaa viatu kanisani. Ukumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililomfanya mjomba wangu kuwa mtu mkubwa.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa askari mwenye cheo cha kaporali. Wakati wa vita kikosi chake kilizingirwa kwenye kilima kimoja cha bara, na yeye akambeba mwenzake aliyejeruhiwa mpaka mtoni, huku wakipigwa risasi pande zote. Hilo lilikuwa kweli. Yule mwenzake alikuja kwetu baadaye, akichechemea, akapiga magoti mbele ya Bibi. Mjomba alivishwa nishani mbele ya watu wengi mjini. Aliporudi kwa likizo ndefu ya kuponya bega lake, mtaa ulimpokea kama bwana harusi. Kinyozi alimkata nywele kabla ya wote waliokuwa kwenye foleni, na hakuna aliyenung'unika. Mwalimu wetu alituamuru tusimame alipopita karibu na dirisha la darasa. Wamama walituma wali kwa Bibi, wali wenye mafuta, siku isiyo sikukuu. Nami nilitembea nikiwa mpwa wa Kaporali, na wasichana wenzangu waligombania kushika mkono wangu.

Kila Jumapili baada ya ibada, Bibi alitoa chungu uani, watu wakakaa kukizunguka, na neno la kufungua likawa moja tu: Mjomba asimulie. Yeye hakuwa msemaji mzuri. Alisema kwa kifupi, akiangalia mikono yake. Walifika kilimani asubuhi. Kulikuwa na tanuri la matofali, na nyuma yake nyumba moja. Wakafikiri risasi zinatoka kwenye ile nyumba. Akatambaa mpaka pale, akafyatua, risasi zikalia kwenye mlango, maana mlango ulikuwa wa pipa la lami lililofunguliwa na kupigwa nyundo mpaka likanyooka. Akaingia. Akatoka. Ndipo akamkuta mwenzake amelala, akambeba.

Hivyo tu. Mengine tuliyaongeza sisi.

"Apana, Kaporali, umeruka pahali," kinyozi alikuwa akisema. "Sema kwanza vile mulango ulilia."

"Ulilia," Mjomba alisema.

"Ulilia namna gani? Fanya!"

Naye hakufanya, kwa hiyo kinyozi alifanya, kwa kugonga sahani ya bati, na watoto wote tukafuata: teng, teng, teng. Ule mlio ukawa wimbo wa mtaa. Tuliucheza kwenye mitaro, na kila mmoja alitaka kuwa Kaporali. Na waliokuwa ndani ya nyumba, Jumapili ya kwanza walikuwa adui. Jumapili ya tatu walikuwa kundi zima, na mkubwa wao akiwa na ndevu mpaka kifuani. Mjomba hakuwahi kusema habari za ndevu. Lakini pia hakukataa. Alivuta mrija wake, akanyamaza, na sisi tukaita ukimya huo unyenyekevu, tukamsifu kwa huo pia.

Katika wote waliomsikiliza, hakuna aliyempenda zaidi ya jirani yetu wa chumba cha kona, mwanamke muuza ndagala. Ndivyo tulivyodhani. Alikuwa amekuja mjini na watoto wake wakati wa kukimbia vita, akakaa kwanza mtaa wa Kinama, kisha akahamia kwetu. Alikuwa mwanamke wa kucheka upesi, kanga yake ikinuka samaki, na hakukosa Jumapili hata moja. Alikaa karibu na Mjomba na kumwuliza vitu vidogo vidogo.

"Kaporali, ule mutaro wa maji ulipita mbele ya tanuri, ama nyuma?"

"Nyuma."

"Na ule mulango, lile pipa, lilikuwa na maandishi?"

Mjomba alifikiri. "Ya njano. Yalifutika katikati."

Watu waliangua kicheko. "Ewe sha, huyu mama anataka kuolewa!" kinyozi akasema. "Anauliza mpaka rangi. Kaporali, mutafutie mahari." Yeye naye alicheka, akifunika mdomo kwa kanga, akasema kwamba mwanamume mwenye macho makali hivyo si wa kuachwa. Bibi peke yake hakucheka. Nilimwona akimtazama jirani yule, kisha akageuka kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Jumapili ya mwisho ya likizo ilikuwa sherehe kubwa. Walikuja hata watu wa mitaa mingine, na mwalimu wetu akasema neno refu kuhusu taifa. Mjomba akasimulia. Kinyozi akagonga sahani yake. Kelele zilipotulia, muuza ndagala akaweka mkono juu ya goti lake mwenyewe, akauliza kwa sauti ileile ya siku zote:

"Na yule wa ndani, Kaporali. Alikuwa anasimama, ama alikuwa anakaa?"

"Alikuwa anakaa," Mjomba akajibu. "Kwenye kitanda."

"Alikuwa na kitu mukononi?"

Nakuambia, Mjomba hakuwa mwongo. Alikuwa ametuachia sisi tuseme, lakini akiulizwa alichokiona alijibu alichokiona. Alimtazama mwanamke yule, na nadhani ni wakati huo alipoelewa ni nani aliyekuwa akimwuliza, na kwa nini.

"Fimbo," akasema. "Fimbo mbili. Kulikuwa giza mule ndani, nilidhani ni bunduki. Alikuwa muzee. Miguu yake ilikuwa imevimba."

Muuza ndagala alitoa mrija wake chunguni, akaufuta kwa kanga, akaulaza chini kando yake. Kwa watu wa kwetu, kutoa mrija wako kabla chungu hakijaisha ni kusema kwamba hunywi tena na hao watu. Lakini hakufanya hivyo kwa hasira. Aliulaza kama unavyolaza kitu cha mwenyeji.

"Merci," akasema. "Huyo ni baba yangu. Lile pipa alilipiga nyundo mwenyewe, mi ndiye nilimushikia. Alikataa tumubebe. Sikujua kama alikufa ama iko hai, na sikuweza kumulilia mutu ambaye labda iko hai." Akasimama. "Sasa nitaweka kilio."

Akaingia chumbani mwake.

Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kuelewa alichokuwa akikifanya Jumapili zote zile. Kwetu kifo kina hatua zake. Unaweka kilio, majirani wanakuja kukaa nawe na moto unawaka uani. Baadaye, muda ukitimia, unaita watu tena kuondoa matanga, na mtu anasimama kusema marehemu alikuwa nani na alikufaje. Bila habari ya kifo huwezi kuanza, na usipoanza huwezi kumaliza. Alikuwa amesikia Jumapili ya kwanza kuhusu mlango wa pipa, akaanza kuitafuta nyumba ya baba yake ndani ya hadithi yetu, swali moja kwa wiki, akicheka ili tusimfukuze. Na sisi tulimgongea sahani.

Aibu ninayoisema inaanzia hapo, lakini haiishii hapo. Kesho yake alifunga kitambaa kichwani, akawasha moto, akakaa kwenye mkeka mbele ya mlango wake. Hakuna aliyekwenda. Uwanja wetu, uliojaa hata mtu alipofiwa na shangazi wa mbali, ulikuwa mtupu. Watu walipita kando ya ukuta kwenda bombani. Kumlilia yule mzee ilikuwa kama kumlaumu Kaporali, na Kaporali alikuwa wetu. Kinyozi alizima redio, labda kwa heshima, labda ili asionekane yupo. Bibi ndiye aliyechukua mkeka wake, akanipa ndoo ya maji nibebe, akaenda kukaa karibu naye. Hakumwambia neno. Mpika pombe wa mtaa, ambaye hakuna sherehe iliyofunguliwa bila yeye, alikaa kimya mpaka jioni.

Siku iliyofuata Mjomba alikuja akiwa amevaa nguo za kiraia. Alisimama mbele ya mkeka. Muuza ndagala hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Alizikwa?" akauliza.

"Nilirudi usiku nikamufunika mimi, kabla ya kikosi kuondoka pale. Kwa udongo na matofali ya tanuri." Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Bibi.

"Basi nionyeshe."

Walipanda basi la bara asubuhi, Mjomba na mwanamke yule na mtoto wake mkubwa, wakarudi kesho yake jioni wakiwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Hatukujua walisema nini njiani. Mjomba alipika chai mwenyewe, akanywa, akalala na viatu.

Na sasa sehemu ninayoiona ngumu kuliko zote kuiandika. Ungedhani mtaa ungemheshimu zaidi. Ulimwacha. Si kwa sababu ya yule mzee; hakuna aliyemtaja yule mzee. Ni kwa sababu alisema. "Amejichafua mwenyewe," kinyozi alimwambia Bibi. "Nani alimulazimisha? Kitu kizuri tulikuwa nacho, amekivunja." Wali uliacha kuja. Mwalimu hakutusimamisha tena. Wasichana waliokuwa wakigombania mkono wangu wakakumbuka kwamba wanakaa upande mwingine. Likizo ilipokwisha, Mjomba aliondoka alfajiri, na nyuma yake milango ilikuwa imefungwa.

Alirudi mara moja, siku ya kuondoa matanga. Muuza ndagala alikuwa amekodi viti vingi, na vingi vilibaki wazi. Wakati wa kusema ulipofika, hakumwita ndugu wala mchungaji. Alimwita yeye. Mjomba akasimama, bila nishani, akasema jina kamili la yule mzee, akasema alikuwa fundi wa matofali, akasema: "Mi ndiye nilimuua. Hakuwa adui wa mutu." Akakaa. Bibi alilia wazi, mara ya kwanza mimi kumwona akilia.

Baada ya msimu huo muuza ndagala alirudi bara na watoto wake kujenga upya. Alikuja kuaga nyumba yetu tu. Alimshika Bibi mikono yote miwili, akasema, "Mi nilipata mutu wa kunionyesha, Mama. Si wote wanapata."

Leo uwanja ule ni ghala la magodoro. Bibi hayupo, Mjomba hayupo, na sijui anayepika impeke Bwiza siku hizi. Watu wanakunywa za chupa, kila mtu na yake. Nikikumbuka chungu kile, nawaona waliokizunguka, wenye sura na sauti zao. Kulikuwa na mwanamke muuza makaa aliyekaa siku zote upande wa bomba. Naye alikuja mjini kwa kukimbia. Naye alicheka sana, akaomba hadithi irudiwe. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kumwuliza alitoka kilima gani.