Mluzi wa "S" kwenye Rekodi ya Kwaya

Leo nimeshtakiwa kwa sababu ya herufi S.

Tulikuwa kanisani, hapa mjini Grand Prairie, ughaibuni, tukirekodi wimbo wa kwaya, kila mwimbaji, hata Mama Mchungaji, na maikrofoni yake. Kaka Elia, fundi wetu wa sauti, akatusikilizisha rekodi.

Kila penye "Yesu" au "msalaba", mluzi mkali ukachoma masikio.

Wote wakanigeukia mimi.

"Neema, ni hizo waya za kunyoosha meno," akasema Kaka Elia. "Ubeti wako tumpe mwingine, mdogo wangu."

Ubeti nilioufanyia mazoezi chumbani tangu shule zifunguliwe!

Mnanijua, huwa nanyamaza. Lakini mbona mluzi ulisikika hata pale nisipoimba?

Nikamwomba, kwa sauti ndogo, atusikilizishe sauti moja moja.

Yangu: safi.

Ya Mama Mchungaji: sssssss!

Kila mtu akaangalia viatu vyake.

"Aa, maikrofoni hii imechoka," akasema Kaka Elia haraka.

"Nilijua tu," Mama Mchungaji akaitikia. "Shetani hapendi nyimbo nzuri."

Ubeti wangu nimerudishiwa. Ila niambieni ukweli, jamani: mbona maikrofoni haikuchoka wakati mshukiwa ni mimi?