Shimo chini ya kitanda: vile nilijifunza kuweka mvinyo nyumbani

Wakuu, habari zenu.

Kuna mwenzetu ameuliza hapa vile mtu anaweza kuweka wine kwa nyumba miaka kadhaa bila iharibike. Mimi ni mama mzee, natype polepole, lakini hiyo naijua. Sitaongeza chumvi. Nilijifunza nikiogopa kufa.

Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea kuisha. Nimezaliwa Maragoli, nikalelewa kwa kanisa ambako pombe haiguswi kabisa. Mume wangu Zablon alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja Westlands. Tulipanga chumba kimoja hapa Satellite, upande wa Riruta. Kuta za mbao, mabati juu, sakafu ya udongo.

Mjue pia tulikuwa tumemaliza miaka mitatu bila mtoto. Watu wa kwao walikuwa wanamwambia aoe mwingine. Nikimuuliza anasema nini juu ya hayo, ananyamaza. Hiyo kunyamaza ndiyo ilinitisha.

Basi tajiri wake akaenda kwao Ulaya kwa long leave, miaka miwili. Zablon akabadilika. Chakula hamalizi.

Siku moja akachukua kamba akapima urefu wa kitanda. Mimi nimelala hapo na malaria. Akapima, akapiga fundo, akaniangalia, akatoka nje.

Jumapili natoka kanisani nakuta kitanda kimesukumwa kwa ukuta. Zablon yuko ndani ya shimo, limemfika kiunoni.

"Hii ni ya nini?"

"Usiniulize, Rasoa. Na usiambie mtu, hata Mama Wambui."

Mama Wambui ndiye alikuwa mwenye nyumba.

Halafu akapapasa udongo kule chini, akasema kama mtu anajiongelesha, "Hapa ni sawa. Baridi. Giza. Hakuna wa kusumbua."

Wakuu, nililipima kwa macho. Shimo lilikuwa refu kama mimi nimelala. Si kama mtu yeyote tu. Kama mimi.

Akalifunika na mbao, akarudisha kitanda juu. Siku nne tukaishi hivyo. Akinipa chai nangoja anywe kwanza. Akikohoa naruka. Nilikuwa napika nikiangalia mikono yake.

Alhamisi akaleta mchanga na magunia mapya. Akasema anaenda kuchota maji ya kulowesha magunia.

Hapo sikungoja. Nilitoka bila hata kitambaa cha kichwa, nikatembea kwa miguu mpaka Uthiru kwa kaka yangu Elisha, seremala.

"Anataka kunizika," nikamwambia.

Elisha hakucheka. Alichukua nyundo, tukarudi saa hiyo hiyo.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Shemeji, fungua!"

Zablon alifungua jasho likimtiririka. Kitanda kimesukumwa tena. Nikachungulia shimoni nikiwa nimeshika shati ya Elisha.

Chupa. Chupa thelathini zimelazwa juu ya mchanga kwa mistari, magunia yenye maji kando. Alikuwa amezileta na mkokoteni nikiwa Uthiru, amezifunika na sukuma wiki.

Elisha akainama, akatoa moja, akaitingisha aone ni nini.

"Usitingishe!" Zablon akalia kama mtoto. "Tafadhali, shemeji. Ilaze. Ilaze polepole."

Halafu akaketi, yote yakatoka.

Mvinyo ulikuwa umewekewa harusi ya binti wa tajiri, akirudi. Nyumba ya Westlands ilikuwa imepangishwa wageni, na tajiri hakuwaamini. Akamwachia Zablon pamoja na masharti. Chupa ilale, kizibo kisikauke, maana kikikauka hewa inaingia na mvinyo unakuwa siki. Isipate jua. Isipate joto, na nyinyi mnajua mabati saa nane mchana. Isitingishwe. Isiwe karibu na mafuta ya taa. Kwa hivyo aliona ni udongo tu utamsaidia.

Tajiri alikuwa amemwandikia barua ya kuthibitisha hayo, iko kwa mfuko wa shati, imelowa jasho. Lakini mpishi Mwafrika akipatikana na chupa thelathini za Wazungu, nani angemsikiliza?

Kisha akanigeukia.

"Najua umekimbia kwa sababu ya pombe, Rasoa. Ndiyo maana nilificha. Nilijua ukiona hizi utarudi kwenu."

Elisha akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni pombe."

Tuliishi na hizo chupa miaka miwili. Askari akipita barabarani, nazima taa. Kina mama wa kanisa walikuja kuniombea nipate mtoto, wakaketi juu ya kitanda wote wanne, mvinyo chini yao, mimi nikijibu amina na jasho mgongoni. Magunia mwishowe nilikuwa nayalowesha mwenyewe.

Tajiri aliporudi alifungua ya kwanza jikoni Westlands, sisi tumesimama. Akanusa. Akanywa. Akainua glasi kwa mwanga wa dirisha, akanywa tena. Halafu akampa mkono, akautingisha muda mrefu. Baadaye zote zilipofunguliwa, mbili tu ndizo zilikuwa zimekuwa siki.

Kwa hivyo aliyeuliza: laza chupa, giza, baridi isiyobadilika-badilika, usiitingishe. Fridge ya jikoni si ya miaka mingi. Na ukichimba shimo kwa nyumba, mwambie mke wako ni la nini.

Baadaye Mungu alitupa watoto wanne. Zablon alikuwa akiwasimulia vile mama yao alikimbia chupa za mvinyo mpaka Uthiru. Wanacheka, nami nacheka nao. Elisha alienda kaburini bila kusema neno. Zablon naye ametutoka mwaka huu, na sikuwahi kumwambia kwamba siku nne nzima nilimdhania muuaji.

Nyinyi ndio wa kwanza kusikia. Walio kwa ndoa miaka mingi, mnijibu bila kunionea huruma: ningemwambia?