Kiyoyozi Chini ya Narjis

Kinyozi wangu wa mtaa wa Khuwair ndiye aliyenambia kwamba shemeji yangu amezika kiyoyozi chini ya bustani yake. Kiyoyozi kizima, akaapa, mabomba yamepita chini ya udongo, ndiyo maana maua ya narjis yanamchanulia kule kwake Ansab, kwenye joto letu hili, kama yuko Ulaya. Niliamini yote. Mimi shule nimeimaliza kwa masomo ya jioni, fizikia nikifaulu vizuri, na kwa fizikia yangu jambo hilo liliwezekana kabisa.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu. Gari yake sikuionea kijicho, wala cheo chake serikalini. Lakini kila narjis zake zikichanua, mama yao, mkwe wangu, aliyezoea kunywa kahawa ya Ijumaa barazani kwangu, huhamia kwake mpaka ua la mwisho linyauke. Kwangu hubaki mto wake tu, nami nautazama kama niliyepewa talaka tatu.

Mwaka jana nikasema basi. Nikanunua vitunguu vya maua hayo, vile vinavyopandwa joto likivunjika. Nilivinunua mapema kwa pupa, nikaviweka stoo ya juu kiangazi kizima, mahali ambapo yai lingeiva bila maji. Novemba nikavipanda, thelathini. Na kwa kuwa sikuwa na kiyoyozi cha kuzika, kila asubuhi nikavimwagia barafu, barafu ya kutosha kuzamisha meli.

Siku moja shemeji akapita, akasimama getini.

"Shemeji, umepanda maua au unahifadhi nguru?"

"Wewe cheka tu. Mwenye kiyoyozi humcheka mwenye pepeo."

Alinitazama, hakuelewa, akaenda zake. Mimi nikajua anaficha siri.

Februari harufu ya bustani yake ilifika mpaka Sib anakokaa mkwe wangu, sisemi uongo, au nasema kidogo. Kwangu yalitoka majani manne membamba, hayana hata nia ya kuchanua. Nikafukua kitunguu kimoja, kikanibonyea mkononi kama tende mbovu.

Ijumaa hiyo nikaenda Ansab mwenyewe. Nilimkuta mkwe wangu mkekani, katikati ya narjis, finjani mkononi, shemeji akimmiminia. Wivu ukanipanda mpaka utosini. Nikamweleza yote: barafu, kiyoyozi, mto wake unaomngoja. Nikamtaka mwanawe achukue jembe, afukue hapo hapo, tuione hiyo mashine.

Shemeji alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mama hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka finjani chini.

"Hapana mashine hapa, mwanangu. Vitunguu hivi naviweka mimi kwenye friji yangu kule Sib, wiki kumi, mbali na matunda, kisha ndo nampa apande. Vyako havikupata baridi kabla ya kupandwa, na maji ya barafu yakaviozesha. Nna nafasi kwenye friji. Ungeniambia tu."